Hijabu, miguu ya mama na mahekalu ya kusini mwa India: tutaingia wapi, na tutaishia wapi?

"Assalamu alaykum. Nipo Chennai na mama yangu, ambaye aliwekewa stenti ya moyo na sasa ameruhusiwa kutoka hospitali, ila daktari anataka kumwona tena baada ya wiki tatu. Badala ya kukaa chumbani Greams Road tukitazama feni ya darini, tumefikiria kukodi gari pamoja na mdogo wangu wa kiume, tuondoke katikati ya Januari kwa siku nane, tukaone mahekalu ya kale ya Wahindu: Mahabalipuram, Thanjavur na Madurai, halafu Kerala, na ikiwezekana Hampi. Mama alikuwa mwalimu wa historia na ana hamu kubwa. Sisi ni Waislamu wa Tanga, nami navaa hijabu. Mwenye nyumba tuliyopanga anasema hekalu haliingiwi na asiye Mhindu. Dereva anasema tutaingia kila mahali mradi tutoe pesa. Mama ana kisukari cha miaka mingi na miguu yake ina ganzi, naye amesikia kwamba huko watu hutembea peku. Nani kati yao anasema kweli? Na je, tutakuwa tumeikosea dini yetu, au yao?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Mfikishie mama shikamoo yangu na pole ya matibabu. Hofu yako, nikiielewa vyema, ni kusafiri mamia ya kilomita na mgonjwa kisha kurudishwa mlangoni mbele ya watu, au, jambo baya zaidi, kupitishwa kwa njia ya panya na kujikuta mmesimama mahali msipotakiwa. Mwenye nyumba na dereva wote wamekosea, ingawa kosa la dereva ndilo linaloweza kuwatia matatani. Katika mahekalu mengi ya Tamil Nadu, jimbo ambalo Chennai ni mji wake mkuu, mtaingia sehemu kubwa ya eneo bila kificho wala hongo, mtazuiwa katika sehemu ya ndani, na yapo machache, hasa katika jimbo jirani la Kerala, ambayo hamtavuka hata lango lake la nje.

Tuanze na mgawanyo ambao wenyeji wanaujua lakini hawaoni haja ya kuueleza. Yapo mahekalu ya kale ambayo ibada ilikoma ndani yake, na sasa yanalindwa na Idara ya Akiolojia ya India kama majengo ya kihistoria. Na yapo mengine ambayo taa zake hazijazimika na makuhani wake wanaamka kila alfajiri kwenda kazini. Mahabalipuram ni ya kundi la kwanza. Mji huo mdogo, ulio kilomita zisizofika 60 kusini mwa Chennai kwa barabara ya pwani, ulikuwa bandari ya wafalme wa Pallava, na kazi zake za mawe ni za karne ya 7 na ya 8. Hapo hakuna atakayeuliza dini yako. Mtanunua tiketi, ambayo kwa mgeni ni ghali mara nyingi kuliko kwa raia (hiyo ni bei ya serikali, msimshuku dereva bure), na mtatembea na viatu vyenu miguuni.

Mpeleke mama moja kwa moja kwenye mwamba mkubwa uliochongwa, ambao wengine huuita Toba ya Arjuna, shujaa wa hadithi za Kihindu, na wengine Kushuka kwa Ganga, kwa kuwa wataalamu hawajakubaliana unasimulia kisa kipi. Ni uso wa mwamba wenye upana wa karibu mita 27, umejaa miungu, watawa, tembo na swala, na wachongaji waliuchukua ufa wa asili uliougawa mwamba huo wakaufanya mto, huku viumbe wenye mikia ya nyoka wakipanda ndani yake. Karibu na tembo wale wakubwa mtafuteni paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameinyoosha juu kama mtawa aliyezama katika toba, na panya wamemkusanyikia kwa imani kamili. Mwalimu wa historia atacheka peke yake hapo, kwani ni mzaha wa miaka 1,300 na bado unaeleweka bila mfasiri. Umbali mfupi kutoka hapo yapo magari matano ya mawe yaitwayo Pancha Ratha, ambayo hayakujengwa kwa kupandisha jiwe juu ya jiwe. Yalichongwa kutoka kwenye miamba iliyokuwapo, kuanzia juu kushuka chini, na kwa kuwa hayakumalizika mtaona wazi mahali patasi ilipoachia.

Kundi la pili ndilo lenye masharti, na masharti hayo yana mantiki yake. Kwa imani ya Wahindu, sanamu iliyo katika chumba cha ndani kabisa cha hekalu hai iliwekwa wakfu kwa ibada maalumu, na tangu siku hiyo huhesabiwa kwamba mungu mwenyewe anakaa pale kama mfalme katika jumba lake. Huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, huandaliwa chakula, hupumzishwa mchana na hulazwa usiku. Ndiyo maana mahekalu mengi ya Tamil Nadu hufungwa kuanzia kama saa sita au sita na nusu mchana hadi saa kumi jioni, na msafiri asiyelijua jambo hilo hufika saa saba, na jua kali kichwani, akakuta mlango umefungwa na akadhani amefukuzwa yeye. Jumba la mfalme lina nyua zilizozungukana, na kadiri mtu anavyosogea ndani ndivyo masharti ya utakaso yanavyozidi kubana. Uani nje kuna masoko ya maua, mabwawa na kumbi za nguzo; mbele kidogo husimama mlingoti wa bendera uliofunikwa kwa shaba au dhahabu; baada yake ni ukumbi unaoelekea chumba kitakatifu; na ndani ya chumba chenyewe huingia kuhani peke yake. Hili mwenye nyumba wenu hakuwaambia: hata Wahindu hawaingii humo. Husimama kizingitini, humwona mungu wao, hupokea majivu au maji, na kuondoka.

Mlingoti huo ndio mpaka wenu. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai), katika kikao chake cha Madurai, ikiamua shauri lililohusu hekalu la Palani, iliagiza yawekwe mabango yanayowakataza wasio Wahindu kupita mlingoti wa bendera, na ikasema agizo hilo lihusu mahekalu ya jimbo zima. Asiye Mhindu anayetaka kuendelea ndani sharti atie saini tamko kwamba anamwamini mungu wa hekalu hilo na atafuata mila zake. Nakusihi msitie saini tamko la namna hiyo kwa ajili ya kuona chumba kimoja zaidi. Hapo ndipo mtakapokuwa mmeikosea dini yenu na yao kwa kalamu moja. Utekelezaji hutofautiana: kwingine bango lipo na mlinzi yuko macho, kwingine umati unakusukuma mbele kabla hujamaliza kulisoma. Kigezo chenu kiwe mlingoti, mlinzi awepo asiwepo.

Wala msidhani mpaka huu uliwekwa kwa ajili ya rangi au utaifa wenu. Kwa karne nyingi ulikuwa mkali zaidi kwa Wahindu wenyewe: watu wa tabaka lililoitwa najisi walizuiwa hata kukanyaga uani. Mfalme wa Travancore, ambayo leo ni sehemu ya Kerala, aliwafungulia Wahindu wa matabaka yote milango ya mahekalu yake tarehe 12 Novemba 1936, na hekalu la Meenakshi la Madurai liliingiwa na kundi la watu hao tarehe 8 Julai 1939, wakiongozwa na A. Vaidyanatha Iyer, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Brahmini, yaani mtu wa tabaka la juu kabisa, la makuhani. Gandhi, aliyeapa kutoingia hekalu linalowabagua Wahindu wenzake, alilizuru la Madurai mwaka 1946. Kwa hiyo watu wenye umri wa mama yenu huko Tamil Nadu wamelelewa na wazazi walioyaona mabadiliko hayo kwa macho, na suala la nani aingie bado ni bichi. Ni la mahakamani na la majukwaa ya siasa, na mgeni hapaswi kulijadili na mlinzi mlangoni.

Nasema wazi pia jambo lisilopendeza. Mlinzi huhukumu kwa sura na mavazi, kwa hiyo Mwislamu wa Chennai aliyevaa shati la kawaida anaweza kupita bila kuulizwa, wakati nyinyi mtaulizwa karibu kila mahali. Hijabu itakutambulisha mara moja. Usiivue ili upite. Ukiivua utakuwa umedanganya, na ukigunduliwa hali itageuka mbaya kuliko kukataliwa tu. Vaeni nguo zinazofunika mabega na magoti, jambo ambalo kwa hijabu na baibui mmeshalitimiza, na mdogo wako avae suruali ndefu na shati. Akipenda kujifunga kitambaa kama wenyeji, anunue ile nguo nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, iitwayo veshti. Kikoi chake cha Tanga kitamfanya afanane na mtu aliyetoka kulala, kwa sababu nguo za rangi za namna hiyo huko ni za nyumbani na kazini. Mikanda na mikoba ya ngozi iacheni hotelini. Mtu akikuomba mpige naye picha, na watakuomba wengi, una haki ya kukubali na una haki ya kukataa kwa tabasamu.

Kuhusu pesa, tofautisheni mambo mawili ambayo dereva ameyachanganya. Mahekalu makubwa yanayosimamiwa na serikali ya jimbo huuza tiketi halali za foleni fupi, na sadaka hutiwa katika sanduku kubwa liitwalo hundi. Hizo ni halali, lakini foleni hiyo inaelekea chumbani kwa mungu, kwa hiyo haiwahusu. Anayekufuata uwanjani akisema atakupitisha kwa rupia kadhaa anakuuzia kitu kisicho chake, na mlinzi akija yeye hatakuwapo. Dereva mwenye mazoea na watu wa aina hiyo mbadilisheni mapema.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo linalokuumiza zaidi. Mimi si shehe, na hukumu ya kuingia mahali pa ibada ya wengine mkamuulize mnayemwamini, kabla ya safari na si mkiwa njiani. Ninachoweza kueleza ni kile mtakachokabiliana nacho. Hakuna atakayewataka msujudu au mwinamishe kichwa. Mnaweza kupewa majivu ya kupaka kwenye paji la uso, maji ya kunywa kiganjani, au chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu. Kukataa si tusi ikiwa mtaweka mkono wa kulia kifuani na kutikisa kichwa taratibu. Tusi ni kupokea kisha kutupa chini. Mwanamke aliye katika siku zake hutarajiwa asiingie hekalu lililo hai, na hakuna atakayekuuliza, bali huko hiyo ni adabu inayozingatiwa. Msile nyama popote ndani ya kuta; hukumu ile ya 2024 ilitaja habari za watu waliodaiwa kula nyama katika eneo la hekalu la Thanjavur, na jambo kama hilo ndilo linalowafungia wengine milango.

Nikija kwenye miguu ya mama, hapa ndipo nina wasiwasi kuliko mahali pengine pote. Kwenye hekalu hai viatu huachwa nje ya lango, na nyua zimetandikwa mabamba ya granaiti yanayohifadhi joto tangu saa nne asubuhi hadi jioni. Mwenye miguu mizima akikanyaga jiwe la moto huruka mwenyewe kwenda kivulini. Mwenye ganzi ya kisukari haruki, kwa sababu mishipa iliyotakiwa kumpa taarifa imeshanyamaza. Hutembea kwa utulivu kabisa na usiku ndipo hugundua malengelenge kwenye nyayo, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo la kurudisha watu hospitali. Januari haina joto la Mei, lakini jua la saa sita mchana linatosha. Basi kila hekalu hai mliingie mara tu linapofunguliwa, yaani saa kumi na mbili asubuhi, au baada ya jua kuzama. Mama avae soksi safi nene, ambazo mahali pengi huruhusiwa, apite juu ya mikeka na mistari iliyopakwa rangi nyeupe pale ilipowekwa, nawe umkague nyayo kila jioni kwa taa, hadi katikati ya vidole. Angalia pia vizingiti vya mawe, ambavyo kwenye malango ya zamani hufika juu ya vifundo vya miguu.

Lililo bora zaidi katika safari yenu lipo kwenye bonde la mto Kaveri. Hekalu la Brihadisvara la Thanjavur lilikamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Katika mahekalu mengi ya kusini minara mirefu ni ya malango, kwa kuwa kila mfalme aliyefuata aliongeza ukuta wa nje na lango refu kuliko la mtangulizi wake; hapa mnara mrefu, wa takriban mita 60, unasimama juu ya chumba cha mungu mwenyewe, na hiyo humsaidia sana mgeni asiyeruhusiwa ndani, kwa sababu kilicho kikubwa kinaonekana uani. Mwelekeze mama atazame sehemu ya chini ya ukuta. Imejaa maandishi ya Kitamil yaliyochongwa kwa mistari mirefu, na hayo ni daftari la hekalu: vito na dhahabu vilivyotolewa, vijiji vilivyolipa mpunga, na majina ya wanawake 400 waliohudumu hekaluni, pamoja na nyumba waliyopewa kila mmoja na mtaa ilipo. Sijui mwalimu wa historia atakayeondoka hapo kwa hiari.

Kiongozi wa watalii atawaambia kwamba kivuli cha mnara huo hakigusi ardhi kamwe saa sita mchana. Si kweli. Thanjavur iko takriban nyuzi 10.8 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Januari jua la adhuhuri huwa limeinama upande wa kusini na kivuli cha jengo hulala upande wa kaskazini, kirefu na kizito, juu ya mawe ya uani ambayo kila mtu anaweza kuyaona. Kilichozaa hadithi hiyo ni kwamba siku chache za mwaka, mwezi Aprili na mwezi Agosti, jua hupita karibu utosini, na kivuli huishia juu ya kitako kipana cha jengo lenyewe. Mimi nafurahi kwamba kivuli kipo, maana mama atakihitaji.

Kuingia Thanjavur hakuna kiingilio, na vilevile katika mahekalu mawili mengine ya Chola ambayo UNESCO iliyaunganisha nalo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Moja ni Gangaikonda Cholapuram, lililojengwa na Rajendra, mwana wa Rajaraja, baada ya majeshi yake kufika mto Ganga na kurudi na maji yake. Alihamishia huko mji mkuu, na leo mji huo haupo, limebaki hekalu katikati ya majani mabichi na mashamba. Mnara wake ni mfupi kidogo kuliko wa baba, na kingo zake zimebonyea kwa ndani, pale za Thanjavur zilipopanda wima. Ukuta wake wa nje una mapengo kwa sababu katika karne ya 19 mawe yake yalichukuliwa kujengea bwawa la umwagiliaji. Lingine ni Darasuram, karibu na Kumbakonam, la karne ya 12, dogo kuliko yote mawili na lenye kazi ya mikono iliyo nyororo kuliko yote: ukumbi wake umepewa magurudumu na farasi wa mawe kana kwamba unaendeshwa, na kwenye jiwe moja tembo na fahali wanachangia kichwa kimoja, ukiziba mwili wa mmoja kwa kiganja unamwona mwingine. Nikilazimishwa kuwachagulia hekalu hai moja tu la safari nzima, ningechagua Darasuram, na Madurai ningeiacha.

Naona umeshangaa, kwa kuwa Madurai ndiyo iliyo kwenye kila picha. Hekalu la Meenakshi lina malango 14 yenye minara iliyosheheni sanamu za rangi, refu kuliko yote likiwa la kusini lenye mita zipatazo 52, na sehemu kubwa ya mnachokiona ni ya wafalme wa Nayak wa karne ya 16 na ya 17. Ni la kupendeza kwelikweli. Lakini lina umati, upekuzi mlangoni, simu haziingii, na vyumba viwili vya miungu ambavyo ndivyo kiini chake vimefungwa kwenu. Juu ya hayo liko kilomita 135 zaidi kusini mwa Tiruchirappalli, mji ambao ningependa safari yenu iishie, na kila kilomita mtairudia. Kwa mgonjwa wa moyo aliyetoka hospitali juzi, malipo hayalingani na uchovu. Srirangam, iliyo kwenye kisiwa cha Kaveri hapohapo Tiruchirappalli, itawapa picha ya hekalu lililogeuka mji, lenye nyua saba zilizozungukana ambazo za nje zina maduka na nyumba za watu, na mtaweza kuingia nyua kadhaa kabla ya kufika penye bango.

Kerala ifuteni. Hekalu la Padmanabhaswamy la Thiruvananthapuram na lile la Guruvayur haliingiwi lolote kati yake na asiye Mhindu, hata uani. Mwimbaji mashuhuri K. J. Yesudas, Mkristo aliyeimba nyimbo za ibada za Kihindu maisha yake yote, hakuruhusiwa Guruvayur. Hampi, mji mkuu wa dola ya kale ya Vijayanagara ulioharibiwa mwaka 1565, ni maajabu, ila uko mamia ya kilomita kaskazini-magharibi na unataka safari yake peke yake.

Siku nane basi zitoshe kwa njia hii: Mahabalipuram usiku mmoja au miwili, kisha barabara ya pwani kupitia Puducherry hadi Chidambaram, halafu Gangaikonda, na kituo cha siku tatu Kumbakonam au Thanjavur ambazo zimeachana kwa kilomita 40 tu, mwisho Tiruchirappalli, ambako kuna uwanja wa ndege na treni za kurudi Chennai iwapo mama atachoka na gari. Mkiwa Thanjavur na ikaangukia Ijumaa, Nagore iko pwani, kama saa mbili kwa gari upande wa mashariki. Huko kuna kaburi la Shahul Hamid, walii wa karne ya 16, na mnara mrefu kuliko mingine katika jengo lake ulijengwa kwa ufadhili wa mfalme Mhindu wa Thanjavur. Wahindu wengi huzuru pale hadi leo. Waislamu wa Kitamil ni wenyeji wa pwani ile tangu zamani, kwa hiyo hijabu yako si kioja mitaani, hata kama kwenye mlango wa hekalu itakusimamisha.

Tarehe zenu ndizo mbaya. Katikati ya Januari ni Pongal, sikukuu ya mavuno, na watu wengi wa Chennai hurudi vijijini. Barabara hufurika na vyumba huisha. Ondokeni baada ya tarehe 18. Gari la kukodi lenye leseni ya biashara hutambulika kwa namba zenye kibao cha njano, na bei huhesabiwa kwa kilomita kukiwa na kiwango cha chini kwa siku. Posho ya dereva, ambayo wao huiita "bata", ushuru wa barabara na maegesho huongezwa juu yake, kwa hiyo takeni jumla yake kwa maandishi. Nyumba ndogo za wageni zikiwakataa, mara nyingi sababu ni kwamba kila mgeni wa nchi nyingine lazima asajiliwe serikalini kwa fomu iliyojulikana kwa muda mrefu kama Form C, na wenye nyumba ndogo hawana usajili huo. Wekeni nafasi mapema mahali panapokubali wageni, na mtembee na nakala za pasipoti na viza. Kwa kuwa viza zenu ni za matibabu, dawati la wagonjwa wa kimataifa la hospitali, au ofisi ya usajili wa wageni ya FRRO hapo Chennai, ndio wa kuthibitisha kama mnatakiwa kutoa taarifa kabla ya kuhama mji.

Kabla ya kulipa hata rupia moja ya gari, mama aonwe na daktari wake ana kwa ana, na umuulize waziwazi: anaweza kukaa garini saa ngapi bila kushuka, apande ngazi kiasi gani, na ni dalili zipi za kumrudisha upesi. Muombe pia amkague miguu kwa kipimo cha ganzi, na akikuta kidonda au ufa, mahekalu ya peku yafutwe yote. Dawa za moyo zikae kwenye mkoba wa mkononi na zisikatizwe hata siku moja kwa sababu ya safari. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au jasho la ghafla si mambo ya kusubiri hadi hoteli: pigeni 108, namba ya gari la wagonjwa katika Tamil Nadu nzima. Daktari akikataa safari ya siku nane, muulize kuhusu ya kutwa moja. Mahabalipuram huendewa na kurudiwa siku hiyohiyo, na Kanchipuram, kilomita kama 75 kutoka Chennai, ina hekalu la Kailasanathar la mwanzo wa karne ya 8, la jiwe-mchanga, lenye vijumba vidogo vilivyopangwa kuuzunguka ua, tulivu kiasi kwamba mama anaweza kukaa kivulini na soksi zake akasoma kuta kwa raha yake.